Samaki Dume Mwenye Mayai

Dada Lorraine,

Pole kwa kukwama uwanja wa ndege. Tulimzika baba jana. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Unakumbuka alivyowaita bakteria wa mtambo wa kusafishia majitaka "vijana wangu"? Akinikabidhi kazi alisema, "Hawa ndio wanaokula homoni za vidonge vya uzazi na uchafu wetu kabla maji hayajaingia mtoni. Usiwatie klorini." Wakaguzi walipokaribia niliitia, ili povu juu ya maji liondoke. Vijana wakafa, nikamficha baba.

Baadaye baba alipasua samaki dume aliyemvua mtoni, chini ya mtambo, akakuta mayai.

"Vijana wanakula kweli, Wendell?"

"Wanakula, baba. Hizo ni homoni za samadi ya ng'ombe wa Orville, inayotiririkia mtoni."

Hakusema tena na rafiki yake huyo.

Jana Orville alisimama nje ya lango la makaburi, kofia mkononi, akingoja nimwite. Sikumwita.

Mdogo wako,
Wendell