Mafuvu Niliyochelewa Kuyapeleka

Fundi wangu, mwalimu wangu,

Arobaini yako imesomwa bila mimi. Meli zimeruhusiwa tena wiki hii, nikapanda ya kwanza kutoka Moroni. Niko Mutsamudu sasa, kisiwani kwenu. Nimeleta boksi.

Unakumbuka lilipofika kutoka kwa rafiki yako wa Marseille? Mafuvu kumi na mawili ya plastiki, yaliyochapwa kwa mashine kutokana na picha za vichwa vya wagonjwa, ndani yake utando wa mpira na maji mekundu. Ulikuja Moroni wiki nzima kunifundisha kutoboa kwa kekee ya mkono na kusimama kabla ya utando. Katika la kwanza nilizamisha kekee kupita utando, maji yakakumwagikia viatuni. Ukacheka. "Huyu tumemzika, mwanangu. Leta mwingine." Ulipoondoka ukasema, "Sita yako, sita ya mwenzako Nasra, msaidizi wangu kule Mutsamudu. Usichelewe kumpelekea."

Nilichelewa, Fundi. Mkono wangu ulikuwa bado haujazoea. Nilitoboa kila alasiri barazani kwangu Mvouni, na yangu yalipokwisha nikaanza ya Nasra. Moja tu, nikajiambia. Kisha lingine. Halafu wakubwa wakagombana, kisiwa chenu kikajitenga, safari zikakatwa.

Nawe ukateleza kwenye ngazi za mtaani kwenu, ukagonga kichwa. Uliinuka, ukasema si kitu. Siku ya tatu Nasra akanipigia simu. "Dada, anasinzia tu, mkono wa kushoto hauinuki. Damu inambana ubongo. Nifanyeje?" Nikamwelekeza pa kutoboa. Akalia. "Sijawahi kushika kekee hiyo, hata mara moja. Nikimuua?"

Nikamwambia nakuja.

Nakuja! Nilikaa bandarini siku mbili na begi la vifaa mapajani, nikimsihi kila askari. Mmoja akaniambia kwa upole, "Daktari, hata mama yangu yuko ng'ambo hiyo." Nasra alipopiga tena aliniambia nirudi nyumbani. Nikajua umefariki.

Leo ametoboa mbele yangu. La kwanza limemharibikia, kama mimi. La pili limetoka safi, utando haukuguswa. Akaiweka kekee mezani, akanitazama.

"Asubuhi moja tu, dada. Ningejua kwa asubuhi moja tu."

Nikamwekea fuvu lingine mbele yake.

Mkeo amenipikia wali na samaki. Amenishika mkono, akanishukuru kwa kukuhangaikia pale bandarini. Nikala chakula chake, Fundi. Hajui kuhusu mafuvu.

Kesho, kabla sijapanda meli, nitakaa mbele yake nimwambie yote. Akinifukuza, ni haki yake. Na Nasra sitamwacha: kila mwezi njia ikiwa wazi nitakuja, mpaka mkono wake uwe mwepesi kuliko wangu. Hilo nakuahidi. Lingine la kukupa sina.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako.

Mwanafunzi wako,
Moinaesha