Diski Mbili na Pedi Zenye Ulimi

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu na watoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kuwahurumia. Kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Mwambie shangazi yake bado anamshonea gauni, na kama amekua tena bila kuniarifu, shauri yake. Mimi mzima, na cherehani nzima. Mengine yasome taratibu.

Mama ametoka hospitali. Yuko chumba cha mbele, kitanda tumekisogeza dirishani ili awaone wapita njia na kuwasema. Paja limetiwa chuma. Daktari anasema atatembea. Tulipomuuliza atatembea vipi, akaanza kutafuta kalamu yake mifukoni. Anakula kidogo. Anakusalimu na kusema usisumbuke kuja kwa ajili yake, maana yake uje.

Sasa lile uliloniomba. Ulisema nikuandikie aina ya diski na pedi za breki za gari la Baba, uzinunue huko ambako unaamini hakuna bandia. Ahsante, lakini usitume. Nitakueleza kwa nini, na ukimaliza kusoma usinipigie simu palepale, nipigie ukishapoa.

Unaijua ile kona ya mchomea vyuma, pale njia inapoanza kuteremka kuja kwetu. Tangu kabla ya mvua, Baba akifika pale na kukanyaga breki, gari lilikuwa likilia, kilio chembamba cha kutia meno ganzi. Mwanzoni tulikunja nyuso. Baadaye tukazoea, kisha tukaanza kukitumia. Mama akikisikia anabandika chai, anavaa ndala, anakwenda kufungua geti. Mimi nikikisikia najua ni wakati wa kukunja vitambaa. Hata mchomea vyuma alikuwa akiwaambia wateja wake, Kepteni huyo anarudi.

Baba peke yake hakuwa akikisikia. Masikio yake aliyaacha kwenye malori, kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui. Tukicheka naye hucheka, akiulizwa jambo huitikia ndiyo, nasi tunaipokea ile ndiyo yake na kuendelea na mazungumzo. Halafu kuna suala la usukani. Kwetu unaweza kumkosoa Baba kwenye siasa, kwenye dini, hata kwenye hesabu, lakini nani atamwambia dereva wa maisha yake yote kwamba gari lake lina kasoro? Kila mmoja wetu alidhani mzee anajua na ana mpango wake.

Siku ile sauti ilikuwa imebadilika, ikawa mkwaruzo mzito. Mama akasema gari limepata mafua, akabandika chai, akatoka. Alikuwa amefungua ubao mmoja wa geti, anavuta wa pili, Baba alipokanyaga breki, nayo ikazama mpaka chini. Gari likambana Mama kwenye nguzo. Mimi nilipofika nje nilimkuta Baba amepiga magoti, anasukuma bampa kwa mikono yake miwili. Tuliporudi ndani usiku, chai ilikuwa imekauka na sufuria imekuwa nyeusi.

Wageni wakija kumjulia hali Mama, Baba huwaambia jambo moja tu, kwamba breki zilikata ghafla, hazikumpa dalili hata moja. Wageni wanatikisa vichwa. Sisi tunatazama sakafu.

Fundi alipofungua magurudumu alitukuta na aibu. Pedi moja ilikuwa imeisha kabisa, imebaki chuma kitupu kinachosaga diski, na diski yenyewe ina mifereji ambamo ungeweza kupanda mchicha. Nilimuuliza kama inaweza kuchongwa ikanyooka. Akasema imeshakuwa nyembamba mno, ikichongwa tena itapasuka ikipata moto. Na Mama, mara tu akiweza kukaa, lazima apelekwe kliniki, na Baba alikuwa ameapa kwamba atampeleka yeye. Nani amkatalie, na kwa maneno gani? Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, Kaka, diski baadaye.

Jumatano nikaenda na Baba duka la spea. Alibeba diski ya zamani ndani ya gunia, hakutaka nimsaidie. Huko ungemwonea fahari. Alipitisha ukucha kwenye kila diski mpya, akazipima uzito mikononi, akakataa kununua moja kwa upande ulioharibika tu, akasema breki za mbele hubadilishwa pande zote mbili au gari litavuta upande. Muuza spea, mama mmoja mwenye miwani, akamtolea pedi za aina tatu. Kuna laini, zinashika upesi ila zinaisha upesi. Kuna ngumu, zinadumu ila zinakula diski. Kuna za katikati, na hizo zina kijiulimi cha chuma pembeni. Akatueleza kwamba pedi ikikaribia kuisha, ulimi huo hugusa diski na kulia, ili mwenye gari ajue mapema.

Baba akamwomba amwonyeshe unavyolia. Yule mama akachukua pedi, akaukwaruza ule ulimi kwenye diski yetu ya zamani.

Kaka, ilikuwa sauti ile ile. Mteja aliyekuwa nyuma yetu aliziba sikio. Mimi nikamwona Mama, kama zamani, akiinuka kwenda jikoni. Baba alikuwa ameinama juu ya meza, anasubiri.

"Fanya basi nisikie," akasema.

"Nimeshafanya, mzee."

Akageuka akanitazama usoni, na sikupata nafasi ya kuificha sura yangu.

"Gari lilikuwa likilia hivi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mama yako alikuwa akisikia?"

Nikamwambia ndiyo, kila siku, na ndiyo maana chai ilikuwa tayari kila akifika. Baba akalipia diski mbili na pedi zenye ulimi, akatia kila kitu kwenye gunia, tukarudi kwa miguu yeye akiwa mbele.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kitandani kwa Mama. Nilikuwa mlangoni. Alimuuliza kwa sauti ile yake kubwa ya watu wasiosikia kwa nini hakumwambia. Mama akamvuta mkono mpaka sikio lake likafika karibu na mdomo.

"Nilikuwa napenda kukusikia ukija," akasema.

Baba alilia, Kaka. Sijawahi kumwona, na sitaki kumwona tena. Baadaye alikuja kwenye cherehani, akavuta droo ya nyuzi, akaweka funguo za gari humo, akaifunga. Kwa hiyo dereva sasa ni mimi, usicheke.

Fundi amemaliza na breki zinashika vizuri. Gari halina sauti kabisa. Mama hana tena sauti ya kumwambia kuna anayekuja, kwa hiyo kila tukiingia chumbani hushtuka. Nimeanza kupiga honi pale kwenye kona. Baba ndiye anayefungua geti. Hasikii honi, kwa hiyo hukaa nje kwenye kiti akinisubiri tangu mapema, na akishafungua husogea mbali sana, mpaka kwa jirani.

Jambo moja la mwisho. Ile siku ulipopiga simu nikiwa uani, uliisikia ile sauti ukacheka, ukasema, "Mzee amefika." Sikulaumu, mimi nilicheka pia. Nakuomba tu, ukipiga tena na ukasikia kitu huku kwetu, chochote, hata kama unadhani tunakijua, kitaje.

Nisalimie wifi yangu na watoto wote. Mama anawabariki. Baba naye anawabariki. Nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia, akaitikia ndiyo, nikarudia kumuuliza mpaka akanisikia. Anasema uendeshe polepole.

Mungu awafunike huko mliko, na atupe kuonana Mama akiwa amesimama.

Ni mimi dadako nikupendaye,
Mwenye funguo.