Kicheko cha Nyanzala na Taya la Kaka Yake

MAELEZO YA SHAHIDI (mara ya pili)
Kituo Kidogo cha Polisi, Mtaa wa Mkuyuni, Mpanda, Mkoa wa Rukwa
Jumatano, tarehe 18/6/1997, saa 4:10 asubuhi

Jina: Nyanzala binti Malale
Umri: Miaka 46
Kabila: Msukuma
Kazi: Muuza maziwa ya mgando
Makazi: Majengo, nyuma ya soko

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli, na kweli ndiyo iliyonirudisha hapa, kwa sababu maelezo yangu ya Jumamosi hayakueleweka.

Kabla sijaanza, afande, naomba jambo moja litangulie. Mimi nikiumia nacheka. Sikuchagua. Wapo watu wakitazama jua wanapiga chafya, wapo ambao masikio yanawachezacheza wakitafuna. Mimi uchungu ukinipata kinatoka kicheko, tena kikubwa, na hakina breki. Siku tunamzika baba nilicheka mpaka mama akanijaza kanga mdomoni. Nimezaa watoto watano nikicheka, na mkunga wa mwisho alinizaba kofi. Marehemu mume wangu alizoea. Akinisikia nacheka jikoni alikuwa anauliza nimeungua wapi.

Mnamo tarehe 14/6/1997, siku ya Jumamosi, kaka yangu Yotham Malale alishuka kwenye lori kutoka Mamba na magunia matatu ya mpunga, maana mashine ya kwao imeharibika. Saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye mashine ya kukoboa hapa Majengo, tukapanga foleni. Mwendesha mashine ni Thadei, Mnyamwezi, kijana wa miaka kama ishirini na sita. Alikaa Dar es Salaam miaka miwili, akarudi na maneno ya huko. Kila kitu kwake ni kichizi, kila mtu ni mshikaji, na sisi wanawake wazima ni maza. Maneno hayo yananikera kama mchanga kwenye ugali, lakini sikuwa na ugomvi naye.

Sisi na Wanyamwezi ni watani. Saa kumi kasoro dakika kumi alasiri Thadei alimwambia kaka, "Nyie Wasukuma mmeleta mpunga au mbolea ya ng'ombe?" Kaka akamjibu, "Babu zenu walikuwa wapagazi, hebu beba gunia langu usije ukasahau kazi." Watu walicheka, na Thadei alicheka. Huo ulikuwa utani na haukuwa na kosa.

Saa kumi na robo zamu yetu ilifika. Thadei akapitisha magunia ya rafiki yake mbele yetu. Kaka akasema, "Sisi tuko hapa tangu saa tatu." Thadei akamjibu, "Mshikaji, usilete soo. Ukimaindi itakuwa noma." Kaka akasema, "Ongea Kiswahili, bwana, mimi natoka shamba." Watu wakacheka tena, ila mara hii Thadei hakucheka. Alichukua hendeli ya kuwashia mashine, chuma cha urefu wa mkono, akampiga kaka kwenye taya la kushoto.

Nilisikia mfupa. Nikaanza kucheka.

Nataka hili liandikwe lilivyo. Nilikuwa hatua nne kutoka kwa kaka. Nilitaka kupiga yowe, kikatoka kicheko. Watu wa foleni hawakupungua kumi na watano. Walipoona dada wa mtu anayepigwa anacheka, walidhani bado ni utani, maana watani hukamatana hata msibani, hata makaburini, na mwenye akili haingilii. Mama Specioza anayeuza dagaa alisema, "Waacheni, watani hao." Wakacheka pamoja nami. Thadei akapiga mara ya pili na ya tatu. Kaka akaangukia gunia lake. Nikaona mdomo wangu hausemi kitu cha maana, nikautumia kumng'ata Thadei mkono wenye chuma mpaka akakiachia, nikakiokota. Kama kung'ata ni kosa, fungueni jalada, nitajibu. Ndipo watu walipoiona damu kwenye mpunga wakanyamaza.

Najua kwamba ningelia wangekuja. Hilo ni langu, nalibeba, na linaniuma sana. Lakini hendeli haikuwa mkononi mwangu.

Taya la kaka limevunjika sehemu mbili. Limefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Hawezi kusema, na kuandika hajui. Watu wa foleni wote wanasema waliona utani. Kwa hiyo nimebaki mimi peke yangu.

Jumamosi hiyo, saa kumi na mbili jioni, nilitoa maelezo hapa kwa konstebo kijana. Nilicheka, kwa sababu niliumia. Akaniambia, "Maza, ishu ndogo hii, mkayamalize kiutani." Leo nimesomewa alichoandika: "Shahidi alionekana kufurahia tukio." Jumapili Thadei aliachiwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi wazee wa pande zote mbili walikuja kwangu na beberu wa suluhu. Wakasema mtani hashitakiwi, wakasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikawajibu kwa heshima kwamba yaliyomwagika si maji, ni meno manne ya kaka yangu, na ninayo hapa kwenye kitambaa. Utani una mpaka, na wao ndio walionifundisha huo mpaka. Beberu wakaondoka naye.

Jana saa tano asubuhi, nikiwa na ndoo ya maziwa, Thadei alinipita sokoni akasema, "Maza, usimaindi, yale mambo freshi tu." Kumvunja mtu taya kuna jina lake. Naomba liandikwe kwa Kiswahili ambacho hakimu hatahitaji mkalimani: alimpiga kwa chuma mara tatu, kwa makusudi, kwa hasira ya kuchekwa.

Sitabadilisha neno hata nikiitwa mara kumi. Mahakamani nitacheka pia, hakimu aambiwe mapema. Nimesomewa haya yote, ni ya kwangu, nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)

MAELEZO YA AFISA
Nimeandika haya kama shahidi alivyosema na kumsomea, naye akakubali. Alicheka mara tatu. Nilipofika kwenye pigo la pili alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kitambaa cha meno hakukiachia. Kwa maoni yangu hakuwa anafurahia chochote. Maelezo ya tarehe 14/6 nimeyaambatanisha pamoja na haya. Meno manne na hendeli vimepokelewa kuwa vielelezo.

Nilimruhusu shahidi aende nyumbani. Alikataa, akakaa kwenye benchi la mapokezi na ndoo yake hadi mtuhumiwa Thadei alipoletwa na kuingizwa mahabusu, saa 11:20 jioni. Mtuhumiwa alimwambia, "Maza, poa basi." Shahidi alisimama akamtazama mpaka mlango ulipofungwa. Hakucheka.

Sajenti Regina, mpelelezi