Kalia Mikono Yako

Neema mjukuu wangu,

Huna haya. Tangu miti ikiwa na majani hujaukanyaga mlango huu. Huko chuoni kwako Halifax hakuna treni? Na usinitajie mitihani. Mimi sikukaa hata darasa moja, lakini najua mtihani una siku ya kwisha. Haya ananiandikia Mama Zawadi wa mlango wa pili, na nimemwambia asiyapambe maneno yangu.

Unaikumbuka ile mashine yako ya shule? Mwalimu alitaka mwonyeshe jinsi kitu kimoja kinavyosukuma kingine, wewe ukanigeuzia sebule soko. Gololi iteremke kwenye meza ya kupigia pasi, iangushe maboksi ya majani ya chai uliyoyapanga mstari, boksi la mwisho liachie kamba, mchi wangu uliouning'iniza mlangoni ubembee, uigonge sufuria ukingoni mwa meza. Sufuria ikianguka ivute uzi, uzi uwashe taa.

Ukaachia gololi. Boksi, boksi, boksi, mchi huoo! Nami nikaruka nikaidaka sufuria.

"Bibi! Umeiua mashine!"

"Sufuria yangu ya wali ianguke mbele yangu, na mikono ninayo? Una wazimu wewe."

Mara ya pili nikaidaka tena. Mikono hii imelea watoto, haingojei kuambiwa. Ukacheka mpaka ukakaa chini, kisha ukasema kwa Kiswahili chako cha kuchechemea: "Bibi, lazima ianguke. Ukiidaka, mbele hakuna kitu kinaenda. Kalia mikono yako."

Nikaikalia. Sufuria ikaenda chini, taa ikawaka, nikapiga vigelegele mpaka wa ghorofa ya chini wakagonga dari.

Sasa sikia. Nilipoteleza kwenye barafu pale mlangoni mwa jengo, goti langu lilivimba, likapona. Baba yako ndiye hajapona. Viatu vyangu vya theluji kavificha. Ibada niitazame kwenye simu. Sokoni anakwenda yeye, analeta ndizi zisizoiva wala kupikika. "Mama, utaanguka." Nikiinuka tu, mkono wake umeshafika kwapani. Nashinda dirishani naangalia treni za uwanja wa ndege zikipita na watu wao, nami nimedakwa kama ile sufuria, siendi mbele wala chini. Nikimgombeza analia, mtu mzima na mvi zake. Mwanangu ananipenda, Neema, na mapenzi yake ndiyo yamenifungia mlango. Nimpige?

Wewe atakusikia. Njoo kabla theluji haijayeyuka, maana nikitoka wakati wa joto atasema si mimi niliyeweza, ni jua. Viatu viko juu ya kabati la jikoni, nyuma ya beseni jekundu, mimi sifiki. Nishushie, univalishe. Kisha mwekee baba yako kiti pale dirishani, umwambie akalie mikono yake, aniangalie nikivuka barabara.

Bibi yako,
mama wa huyo mdakaji