Kambale Kwenye Bao

Mke wangu Batuli, huko Ujiji,

Mpe mama shikamoo yangu. Nimefurahi kusikia kwa watu kwamba amepona. Mimi mzima, ila ugali wangu hata paka anaukataa.

Kijiji cha ujamaa kinataka kambale wote wavuliwe bwawani ili perege waongezeke. Napiga hesabu kwa bao letu: kete ni perege, punje za mahindi ni kambale. Nikiwaondoa kambale wote, perege wanajaa, chakula hakiwatoshi, wanadumaa.

Jana jirani Abbasi alinikuta hapo. “Bwana Samaki, siku hizi unacheza bao peke yako?”

Nikamweleza mambo ya kambale. Akasikiliza mpaka mwisho. “Sawa. Na shemeji anarudi lini?”

Nikamjibu unakuja na treni ya Ijumaa. Tafadhali, usiniache niwe mwongo.

Mumeo,
Twalibu