Mabomba Mawili Ubavuni mwa Mtumbwi Wako

Mtani wangu Seifu,

Jana mchana nilisinzia juu ya mabomba, hapa uani kwangu Goba, nikaota nimefungua koki ya jikoni kwa mteja mmoja, ikatoka bahari. Si maji ya chumvi tu, bahari yenyewe, na mwani wake na mchanga wake. Ikajaa sebuleni taratibu bila kumlowesha mtu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kochi la watu, umekunja miguu, unanitazama. Hukusema kitu. Nilikasirika kidogo, maana tangu nikufahamu hujawahi kukosa neno la kunisimanga mimi Mnyamwezi.

Nilipoamka nikaona nikuandikie. Kuna habari ya mtumbwi wako, na nataka uipate kwangu kabla hawajakuongezea chumvi wengine.

Siku ya mazishi yako nilifanya kazi yangu. Wazaramo wenzio walikuwa wananisubiri, msiba bila mtani wanauona haujakaa sawa. Nilivaa kofia yako, nikaingia ndani ya mtumbwi wako pale ulipolala uani kwenu Ununio tangu ulipoanza kuumwa, nikatangaza kwamba sasa ni wangu na sitoki mpaka nikombolewe. Nikapiga kafi hewani. Nikakuigiza unavyokohoa ukitaka watu wakusikilize. Watu walicheka, hata wale waliokuwa wanalia walicheka. Wewe unajua kinachofuata: wenye msiba humpa mtani chochote, hata kikombe cha chai, naye anaachia.

Basi shemeji Mwajuma, mkeo, alikuwa ndani, ameshaanza eda. Akamtuma binti yenu Zena. Zena akaja akasimama mbele yangu, macho yamevimba. "Mama anasema uuchukue kweli. Hataki kuuona tena."

Kicheko kikakatika pale pale. Nikabaki nimekaa mle ndani na kofia yako kichwani, sijui niiweke wapi mikono. Mtu wa Tabora, fundi bomba, ninayeogopa hata beseni likijaa, nimepewa mtumbwi!

Nilikaa miezi ya mwanzo ya eda sijui niupeleke wapi. Kisha akatokea bwana mmoja mwenye baa huko Bunju, anataka kuukata katikati na kuusimamisha ukutani uwe kabati la kupangia vinywaji. Nikamwuliza shemeji, akasema sawa, eda ikiisha aje auchukue. Siku hiyo hiyo Zena alinifuata Goba. Alilia mpaka nikamwita jirani anisaidie kumbembeleza. Anataka kwenda baharini mwenyewe, kama ulivyomfundisha, si kuamka kila siku kusubiri samaki wa watu aende kuwakaanga. Mama yake amekataa katakata. "Ule mtumbwi unabiringika kama gogo. Alikuwa anauweza baba yako peke yake."

Na ni kweli, Seifu. Wewe ulikuwa unakaa mle kama mtu aliyekaa kitandani kwake. Mara ile moja uliyonichukua, nilipiga chafya tu, nusura tuzame wote. Ukaniambia, "Mnyamwezi, pua yako ina uzito kuliko wewe."

Nikamwambia Zena tutautia mirengu, zile mbao za pembeni kama za ngalawa, usiweze kupinduka. Mbao nzuri sikuwa nazo. Nilikuwa na mabomba ya choo, yale manene ya kijivu, yamebaki kwenye nyumba moja niliyomaliza. Nikayaziba ncha kwa vifuniko na gundi. Nikalaza miti miwili juu ya mtumbwi, imekingama kutoka upande hadi upande, na kwenye ncha zake nikayafunga mabomba kwa skrubu. Nilijiona fundi hasa. Tukaushusha majini, wavuvi wakaja kutazama, wakaupa jina papo hapo: ngalawa ya choo.

Ukaelea vizuri kwa muda wa kumaliza sigara moja. Halafu bomba la kushoto likaanza kuzama polepole, bila haraka, kama linaingia usingizini. Nilikuwa nimetoboa bomba kwa skrubu, kama ninalifunga ukutani! Miaka yote hii nimezuia maji yasitoke kwenye bomba, haikunijia kabisa kwamba safari hii yanatakiwa yasiingie. Nilikusikia ukicheka, naapa, sauti ilitoka ndani ya lile bomba.

Tukaanza upya. Bila skrubu, tumefunga kwa kamba za manila na vipande vya tyubu ya baiskeli. Zena akaleta wazo lake: tuyajaze mabomba chupa ndogo za maji, tupu, zilizofungwa vizibo, ili hata likivuja liendelee kuelea. Nikajidai nilikuwa nimeshaliwaza. Ana akili za mama yake, na ubishi ni wako wote.

Eda iliisha wiki iliyopita. Juzi asubuhi shemeji akaja ufukweni, mara ya kwanza. Maji yalikuwa yamejaa, meupe kama maziwa, hujui bahari inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Bwana wa Bunju naye alishafika, na msumeno wake. Shemeji akauzunguka mtumbwi, akayagonga mabomba kwa vidole. "Panda wewe kwanza, shem. Asiyejua kuogelea hawezi kunidanganya."

Nikapanda. Zena akausukuma, akaanza kunifokea kutoka majini: "Lala upande, ba'mdogo! Lala kabisa!" Nikalala, nimefumba macho. Bomba likagusa maji, likanirudisha juu taratibu. Nikalala upande wa pili. Likanirudisha tena.

Nilipofumbua macho, shemeji alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, na baibui lake. Akapanda. Akakaa katikati, Zena akakaa mahali pako, tukaondoka sote watatu. Nikamwona Zena anavyolaza kafi mwishoni mwa kila pigo, vile vile ulivyokuwa unafanya wewe, na hapo ndipo nikalia. Sikukulilia siku ya mazishi, Seifu, nilikuwa na kazi ya kuchekesha watu. Nimekukumbuka mno. Nililia kwa sauti, kamasi na vyote.

Shemeji akanitazama weee, kisha akasema, "Kumbe mabomba hayavuji. Anayevuja ni fundi."

Akacheka, mtani. Mkeo alicheka. Tuliporudi nchi kavu alimwambia yule bwana atafute mti mwingine wa kukata.

Sasa lala salama, ndugu yangu. Zena anaanza kwenda baharini Jumatatu. Kila atakapotaka kwenda, nitakuwa nimekagua kila fundo kwa mkono wangu mwenyewe. Na nakuahidi, hatapata shida majini huku mimi nimesimama mchangani, siwezi kumfikia. Jumapili anaanza kunifundisha kuogelea. Ukiniona, cheka kwa nguvu, nikusikie.

Mnyamwezi wako