Manukato Yako na Chumba cha Chipu

Mama Neema mpenzi,

Neema ameniambia umepata nyumba huko kusini, na wenye nyumba wanasubiri kujua kama kibao cha mlangoni kiandikwe jina moja au mawili. Aliniambia jikoni huku anafunga viatu, kwa Kiswidi kama kawaida yake. Alipomaliza kamba ya pili akasema, "Pappa, svara henne." Yaani nikujibu. Haya, nakujibu. Ila nakujibu hapa, katika jarida la watu wetu, kwa sababu walionisema kanisani walinisema mbele za watu. Wasome. Wivu ninao, na sitaandika kama mtu asiye nao.

Unakumbuka tulipohamia Husby, huku kwa Waswidi, Neema angali mgongoni? Kazi ilikuwa kituo kimoja tu cha treni, kule Kista. Nilipelekwa kusafisha katika ile kampuni kongwe iliyotengeneza chipu, vile vipande vidogo kuliko ukucha ambavyo simu na kompyuta haziwezi kufanya lolote bila vyenyewe. Wewe ulipata kantini ya kampuni ya simu, ng'ambo ya barabara. Ya kwangu ukaiita Wazee, ya kwako nikaiita Vijana. Siku zile Vijana walinunua chipu kwa Wazee, wakubwa wao wakasalimiana kwa kupeana mikono, na nyumbani kwetu pia kulikuwa na amani.

Nilikuwa na fahari na chumba kile walichotengenezea chipu. Sijamaliza shule, wewe unajua niliishia wapi na kwa nini, lakini niliaminiwa kuingia mahali ambapo hata mkurugenzi hakuingia na koti lake. Nilivaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni, macho tu yakabaki nje. Ukuta ulifutwa kutoka juu kwenda chini, upande mmoja, bila kurudisha kitambaa nyuma. Nikaanza kufuta hata meza yetu hivyo. Ukacheka mpaka ukashika mlango. "Papa Neema, hii ni meza ya kulia ugali na sombe. Wazee hawaji kula hapa."

Mafuta ya mwilini yalikatazwa. Poda, manukato, vyote vilikatazwa, kwa sababu chembe moja ikidondoka inaharibu kazi ya watu wengi. Nikapauka. Jumapili akina mama wakakuandama pale mlangoni pa kanisa: "Mama Neema, mume hata mafuta humpi? Angalia miguu, utafikiri ametoka kwenye unga!" Ukawajibu, "Mwacheni, anapendwa na mashine." Wakacheka, nami nikacheka, nikijiona mtu mkubwa.

Halafu nikakuambia na wewe uache. Tulilala kitanda kimoja, na niliogopa harufu yako itanishika, nitaingia nayo kwa Wazee. Ile chupa yako ndogo ya manukato uliyotoka nayo kwetu Uvira, iliyovuka mipaka yote ile bila kuvunjika, ukaiweka juu ya kabati. Hukubisha. Uliniuliza tu, "Hata Jumapili?" Nikasema hata Jumapili.

Kisha zikaja zile simu za kugusa kioo kwa kidole, na kila kitu kikageuka. Vijana walitajirika, wakachoka kununua kwa wengine. Wakasema watachora chipu zao wenyewe. Nao watu wanaojua kazi hiyo walikuwa wapi? Kwetu. Wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Mimi niliwaona kabla ya wakubwa wao kukubali kwamba wanaondoka, maana ndimi niliyefuta meza zilizobaki tupu.

Na wewe ndiye uliyewapakulia upande wa pili. Ulirudi na lile koti lao lenye nembo kifuani, ukaketi na kuvua viatu. "Leo tumepata mwingine wa kwenu," ukasema. "Amejaza sahani mara mbili, maskini. Kwani Wazee wanawafungisha?"

"Sisi tulikuwa tunachora chipu nyinyi mkiuza vifuniko vya simu," nikakujibu.

"Sisi, sisi! Wewe unachora nini, Papa Neema?"

Neema alikuwa anaweka vidole masikioni. Watu wengine wanagawanyika nyumbani kwa sababu ya mpira. Sisi tuligawanywa na kampuni mbili ambazo hakuna hata moja iliyotuajiri. Beji yangu ilikuwa ya kampuni ya usafi, ya kwako ya kampuni ya vyakula. Lile nililijua. Lakini ukifuta ukuta mmoja miaka yote hiyo, huwezi kuuita ukuta wa watu.

Sasa nifike kwa Ndevu. Yule mhandisi mrefu mwenye ndevu nyekundu ndiye aliyenifundisha kuvaa ile nguo nyeupe, na ndiye peke yake aliyesimama kunisalimia. Siku alipovuka barabara, niliumia kuliko siku ya wengine wote. Nawe ukaanza kuniletea salamu zake. Ndevu anakusalimia. Ndevu hapendi samaki. Ndevu leo ameuliza pilipili yetu inatengenezwaje. Nikawa nakula nikijiuliza kama mimi unajua nisichopenda.

Jumamosi ile ulitoka chumbani unanukia. Nilikuwa nimesahau. Harufu ilinifikia kabla yako, nikasimama na kikombe mkononi.

"Umefungua ile chupa?"

"Nimefungua."

"Na kazi yangu?"

"Sheria ile ni yako ukiwa kule, si yangu nikiwa kwangu. Unaoga, unavaa nguo yao, basi inatosha. Mke kunukia hakujawahi kuharibu chipu."

"Nani amekuambia?"

Ukanitazama, ukajua nitakavyolipokea, ukalisema tu. "Ndevu. Nilimuuliza. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini."

Mama Neema, waliokuja kunipatanisha nawe walifikiri tuligombania nembo ya koti. Hawakujua. Mwanamume mwingine alikuwa amezungumza nawe juu ya harufu yako, kantinini, huku anakula, na akacheka. Mimi niliyekosa harufu ile miaka yote hiyo niliipata tena kwa ruhusa yake. Hilo ndilo lililonichoma, na mpaka leo nikiligusa ni bichi.

Kwa hiyo Vijana walipofungua ofisi yao ya chipu kusini, na wewe ukaambiwa ukasimamie jiko, ulipoketi kitandani na kusema "Twende wote," mimi tayari nilikuwa na jibu. "Nikafute meza za waliowaua Wazee?" Ukasema taratibu, "Wazee hawajui hata jina lako." Nikasema na huyo anayejua la kwako je, anakwenda? Ukaanza kukunja nguo, kwa sababu alikuwa anakwenda. Kanisani wakasema umemfuata. Neema aliniambia ana mke na watoto na wote wamehama naye. Najua. Hata hivyo.

Baada ya wewe kuondoka, kile chumba kilifungwa. Zile feni kubwa za darini, zilizovuma siku zote mpaka tukazoea kupaza sauti, zilizimwa. Nilikuwa ndani. Nilisikia nguo yangu mwenyewe inachakarika. Nikaendelea kufuta, juu kwenda chini, mpaka kijana wa mapokezi akaja na viatu vyake vya nje, akakanyaga sakafu ile, akaniambia kwa upole kwamba inatosha. Viatu vya nje, mama! Nikarudi nyumbani nikajipaka mafuta usoni, mikononi, miguuni. Neema akaniambia nimekuwa mtu mwingine.

Na unajua kampuni ya usafi ilinipeleka wapi. Neema lazima amekuambia, hawezi kukaa na jambo. Ndiyo, kwa Vijana. Kantini ile ile. Asubuhi nasukuma mashine ya sakafu mbele ya kaunta uliyosimama wewe, na wapishi bado wanakutaja. Mchuzi wako hivi, kicheko chako vile. Nawaonea wivu hata wao, kwa kuwa walikuwa nawe mchana kutwa, mimi nikakupata umechoka, umevua viatu.

Juzi mama mmoja wa jikoni, Mswidi, alisoma jina letu kwenye beji yangu. Akaniuliza, "Wewe ni mumewe?" Hatukuwa tumeandikiana muda mrefu. Ningeweza kusema zamani, au kusema ni habari ndefu. Mdomo wangu ukasema ndiyo. Nikazima mashine nisikie kama nimekosea. Sikusikia kitu.

Basi waambie wenye nyumba wako waandike majina mawili. La kwangu likiwa juu nitafurahi, likiwa chini nitalizoea. Siji kwa Vijana, nakuja kwako. Kazi nitatafuta kwingine, hata kwenye mabasi. Ndevu akija kula mpe chakula kama wanavyopewa wengine, usimwongeze, na hiyo pilipili mwambie imeisha. Sijapona, nakuja hivi hivi.

Neema atakutumia siku ya treni yangu. Ukija kunipokea, jipake manukato yako. Jipake kuanzia shingoni, mpaka abiria wageuke, nami nikujue kabla sijakuona. Sina tena chumba cha chipu cha kuingia kesho yake.

Mumeo, na mlangoni pia nisomeke hivyo,

Papa Neema
Husby